Breki za Diski Katika Miteremko Yetu

Haya ni maandishi ya mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti na waendesha baiskeli na wanabodaboda wa Runyenjes.

 

Nianze kwa kukiri kwamba mimi si fundi. Nilisomea uandishi wa habari, na kazi yangu ni kuandika taarifa. Lakini ni mwendesha baiskeli, na kilichonileta hapa ni jambo lililonipata nikishuka Thuchi, mteremko ambao nyote mnaujua.

Nilikuwa nimenunua baiskeli ya mtumba yenye breki za diski za haidroliki. Bei ilikuwa nafuu, nikafurahi. Muuzaji, ambaye sitamtaja, aliniambia breki hizo hazihitaji kuguswa kamwe. Ikaletwa Embu juu ya matatu, magurudumu yakiangalia mbinguni. Jumapili nikaipanda. Katikati ya mteremko nikavuta breki, na mkono wa breki ukaenda hadi ukagusa usukani. Baiskeli haikupunguza mwendo hata kidogo. Nyuma yangu kulikuwa na lori. Nikavuta tena na tena, haraka haraka, na mara ya nne ikashika. Nilikaa kando ya barabara muda mrefu, miguu ikitetemeka.

Fundi aliyeifungua alinieleza hivi. Breki ya haidroliki haina waya. Ukivuta mkono unasukuma oili ndani ya mpira mwembamba. Oili inasukuma pistoni, nazo zinabana pedi kwenye diski. Oili haikubali kubanwa ikapungua, ndiyo maana vidole viwili vinatosha kusimamisha mtu mzima na mzigo wake. Hewa hukubali. Mapovu yakiingia unabana hewa tu, na pedi hazisogei. Oili yangu ilikuwa imepungua, na safari ile ya kichwa chini ikapeleka hewa kwenye mpira. Kwa hivyo ukitoa baiskeli ya aina hii juu ya gari, vuta breki mara kadhaa kabla ya kupanda. Mkono ukiwa laini kama sponji, usiipande.

Jambo la pili ni oili yenyewe, na hapa nawaomba mafundi wanisikilize, kwa heshima. Pikipiki zenye diski mbele hutumia oili ya DOT. Angalia kifuniko cha kikopo chake, kimeandikwa DOT 3 au DOT 4. Baiskeli nyingi za bei ya chini, zikiwemo za Shimano, hutumia oili ya madini. Hizi mbili hazichanganywi. Ukiweka DOT kwenye breki ya oili ya madini, sili za mpira zinaharibika. Breki inaweza kushika leo na kesho, kisha sili ikaachia. Na tafadhali, oili ya injini wala ya kupikia si oili ya breki. Nacheka, lakini nimeyaona.

DOT nayo ina tabia ya kunyonya unyevu hewani. Ikiwa mpya, DOT 4 haipaswi kuchemka kabla ya nyuzi 230 za selsiasi. Ikishanyonya maji, kiwango hicho hushuka hadi kama 155. Mwenye kubeba abiria wawili kutoka Subuiga kushuka Meru mjini, akikanyaga breki njia nzima, anaipasha moto sana. Oili ikichemka inatoa mvuke, na mvuke hubanwa kama hewa. Shuka na gia ndogo. Bana kwa nguvu, achia ipoe, bana tena.

Je, breki za bei nafuu ni mbovu? Sisemi hivyo. Mwaka 2013 kampuni ya SRAM ya Marekani iliita breki zake za haidroliki za baiskeli za barabarani, zikiwemo za bei ghali kabisa, kwa sababu sili zilishindwa kushika presha kwenye baridi kali. Tofauti ni kwamba wenye breki hizo walipata taarifa. Spea feki haina mtu wa kukupigia simu.

Breki halali ya bei ya chini hukuambia mipaka yake. Diski nyingine zimeandikwa kwamba ni za pedi za resini pekee. Ukifunga pedi za chuma zitaliwa haraka. Diski nyingi za Shimano zikibaki unene wa milimita 1.5 hutupwa. Pedi ikibaki nusu milimita, badilisha. Oili ya cheni ikirukia diski, pedi imekwisha hata ikiwa mpya.

Maoni yangu, na wauzaji wanisamehe: anayeishi mbali na fundi mwenye vifaa, kule Kiritiri au Ishiara, anunue breki za waya. Waya ukianza kukatika utauona kwa macho, na fundi yeyote chini ya mti ataubadilisha.

Mtaniuliza kwa nini kaunti inazungumzia baiskeli wakati barabara hii kuu iko chini ya KeNHA. Tarehe 24 Julai 2022 basi lililotoka Meru kwenda Mombasa lilitumbukia Nithi, na zaidi ya watu 30 wakafa. Maafisa walisema huenda breki zilifeli. Wengine wetu tulienda kuandika habari ile, na tulizungumza na familia. Barabara hii inavuka mito ya Mlima Kenya mmoja baada ya mwingine, na kila mto una mteremko wake. Mteremko haujui kama una magurudumu sita au mawili.

Ukiuziwa spea feki, usinyamaze. Kifungu cha 46 cha Katiba kinakupa haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa. Dai risiti, hifadhi pakiti, piga picha, kisha peleka malalamiko KEBS au kwa mamlaka ya kupambana na bidhaa ghushi. Bila risiti, ni neno lako dhidi ya la muuzaji.

Nimezungumza vya kutosha. Fundi ameleta baiskeli mbili na pikipiki moja. Tuigeuze ile ya kwanza — hapana, tusiigeuze! Iegemezeni ukutani, na kila mmoja aje auvute mkono wa breki, kisha atuambie ni ipi yenye hewa.