Kumpeleka mtoto ziwani mara ya kwanza

(Maneno tuliyowaambia wazazi na wavuvi, Kalemie)



Mlituomba tuseme juu ya watoto na uvuvi. Wengine walicheka waliposikia: watu wa amani wamekuja kutufundisha kuvua? Hapana, walimu wa kuvua ni ninyi. Sisi tunataka kusema juu ya siku moja tu, ile siku mtoto wa miaka mitano au sita anaposhikwa mkono na mtu anayemwamini na kupelekwa majini kwa mara ya kwanza. Siku hiyo anajifunza kushika mshipi. Anajifunza pia jambo ambalo hakuna anayemwambia kwa mdomo: maji haya ni ya nani, na nani ana haki ya kusimama kando yake.

Wengi wenu hapa mlikuwa watoto mwezi wa nane 1998, waasi wa RCD walipoingia Kalemie. Aliyekuwa na miaka sita wakati ule sasa amepita thelathini, naye ana watoto. Tukiwauliza wazazi wa umri huo nani aliwapeleka kuvua mara ya kwanza, baadhi yao wananyamaza kidogo. Ziwa lilikuwa njia ya askari na silaha. Baba alitoka usiku mama akikesha, na mtoto aliambiwa akae ndani. Kwa hiyo kuna kizazi ambacho kiliupata uvuvi kama kazi ya njaa, bila ile asubuhi ya kukaa na mzee na kuuliza maswali ya kitoto. Mzazi huyo akimwogopesha mtoto wake juu ya maji, hatushangai.

Halafu ikaja shida nyingine, hii ya Watwa na Waluba. Ilianza 2013 upande wa Manono, Kabalo na Nyunzu, ikawaka tena 2016, na mamia ya maelfu ya watu katika mkoa wetu wa Tanganyika wakaacha vijiji vyao. Wengi waliishia hapa kandokando ya mji, Katanika na kwingineko. Mtoto aliyetoka ndani ya Nyunzu anajua mto na kijito. Ziwa ambalo siku nyingi ng'ambo yake haionekani linamtisha. Na mtoto wa Kalemie anamwangalia yule mgeni na kurudia maneno aliyoyasikia nyumbani. Hapo ndipo kazi yetu inapokutana na ndoano yenu.

Tuanze na mambo ya kawaida. Mtoto mdogo aende mchana, tena asubuhi, kabla upepo haujaanza. Akae nchi kavu. Ufito, kamba ya nailoni, ndoano ndogo na minyoo iliyochimbwa nyuma ya nyumba, vinatosha kabisa. Ndagala hatawapata kwa ndoano, mnajua, lakini kwenye mawe kuna samaki wadogo wengi wanaopenda mnyoo, na mtoto hahitaji zaidi. Kuhe na sangala wanaweza kumngoja akue. Kwenye mdomo wa Lukuga msimpeleke hata kama samaki wapo: mto unavuta maji ya ziwa kuyapeleka magharibi, na viboko wapo. Na achukue chupa ya maji yaliyochemshwa kutoka nyumbani. Kipindupindu hurudi katika mji wetu karibu kila mwaka, na mtoto mwenye kiu hachagui. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula mhogo.

Usiku ni habari nyingine. Katamarani, mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa miti, taa zikiwaka ili ndagala wapande kutoka chini: hiyo ni kazi ya watu wazima wenye nguvu. Tunasema hili wazi kwa sababu tunaona watoto wa miaka tisa au kumi wakirudi alfajiri na nguo zilizolowa, wakati wenzao wanakwenda shule. Mwenye mtumbwi atasema anamfundisha. Tunamheshimu, lakini mtoto anayelipwa kwa kikombe cha ndagala na kusinzia darasani yuko kazini. Katika miezi ya kiangazi, upepo wa kusini ukisimamisha mawimbi, hata wakubwa hawarudi wote. Mtoto asiwekwe humo.

Sasa tufike kwenye jambo lililotuleta. Tunawaomba kila mzazi anayempeleka mtoto wake mara ya kwanza achukue na mtoto wa pili, mtoto wa jirani ambaye si wa kabila lake. Mmoja tu. Msiite mkutano, msipige picha.

Mwaka uliopita tulikaa kwenye mawe na wababa wawili, mmoja Mluba mvuvi, mwingine Mtwa aliyekimbia kutoka upande wa Nyunzu. Hawakuwa marafiki. Walikubali kuja kwa sababu wake zao wanauza unga sokoni pamoja. Mvuvi alikuwa na ndoano, na yule mwingine ndiye aliyejua mahali penye minyoo minono, chini ya migomba. Kwa saa nzima hawakuzungumza ila juu ya minyoo. Watoto wao walikuwa na ufito mmoja, wakagombana, mmoja akalia. Mvuvi akasema, "Papa, mwachie wako kwanza, wangu atangoja." Yule akajibu, "Hapana, Papa, wako ndiye mdogo." Wakashindana hivyo mpaka samaki akala chambo chote. Sisi tulicheka, nao wakacheka.

Hatusemi kwamba samaki wa kidole kimoja amemaliza vita. Wale wababa bado wana madai ya mashamba na ya ndugu waliokufa, na madai hayo yatapelekwa mbele ya wazee na mbele ya sheria. Lakini watoto wale sasa wanaitana kwa majina wakipita barabarani. Tumeshuhudia mikutano mikubwa yenye mabango na soda ambayo haikufikisha watu hapo.

Neno la mwisho ni la nyavu. Msimpe mtoto chandarua cha mbu akavue nacho ufukweni, hata kama ni rahisi. Kinakokota mayai na vifaranga vya samaki, na chandarua chenyewe kinatakiwa kitandani, malaria ikiwa ingalipo. Akipata samaki mdogo mno, mwambieni amrudishe, naye atauliza kwa nini. Hilo ndilo swali lenyewe. Ziwa hili lina urefu wa kilomita 673 na lina nchi nne: Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia. Mkataba wa kulitunza ulitiwa sahihi Dar es Salaam mwaka 2003. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake tangu 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaane. Tunajua maneno yanayosemwa hapa juu ya kufunga ziwa, na mama anayeanika ndagala mchangani ana haki ya kuuliza watoto wale nini miezi mitatu. Lakini samaki anayerudishwa na mtoto wa Kalemie anaweza kukulia Kigoma, na wa Kigoma kukulia kwetu. Mtoto wa miaka sita anaelewa hilo haraka kuliko sisi.

Jumamosi tutakuwa kwenye mawe kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ndoano tunazo. Leteni ufito, minyoo, maji ya kunywa, na yule mtoto wa pili.