Wakristo, Wokovu na Siku ya Mwisho

(Mazungumzo yaliyotolewa bwaloni katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, mbele ya wanachama na wanafunzi wa sasa)



Kamati iliponiandikia kuniomba nizungumze nilidhani nitatakiwa kueleza habari za mipango ya maendeleo, kwa kuwa ndiyo kazi inayonilisha. Badala yake nimepewa karatasi tatu zilizoandikwa na wanafunzi wa Kidato cha Nne. Ya kwanza inauliza kwa nini Wakristo hawasemi neno moja juu ya mwisho wa dunia. Ya pili inauliza nani hasa ataokoka. Ya tatu, na ndiyo iliyonifanya nikubali kuja, inauliza hivi: kama Bwana yu karibu, kuna haja gani ya kwenda Kidato cha Tano?

Mimi si mchungaji wala padre. Ni Afisa Mipango wa wilaya, Mlutheri wa kuzaliwa, na yale niliyoyajua juu ya mambo haya nimeyapata kwa kusoma jioni baada ya kazi. Mwalimu wa dini yupo hapa, atanisahihisha. Ndugu zangu Waislamu mlio humu ndani mtanistahimili. Mnayo mafundisho yenu juu ya Kiyama, nami sina ujuzi wa kuyagusa.

Kwanza tuelewane juu ya lile ambalo halina ugomvi. Mkatoliki, Mwanglikana, Mlutheri, Mmoraviani, Msabato na Mpentekoste, wote wanakiri kwamba Kristo atarudi, wafu watafufuliwa, na watu watahukumiwa. Ukiwakalisha benchi moja na kuwauliza hayo tu, benchi halitavunjika. Linavunjika ukifungua Ufunuo sura ya 20. Katika aya chache za sura hiyo miaka elfu moja inatajwa mara sita: Shetani amefungwa, na watakatifu wanatawala pamoja na Kristo. Basi ndipo watu wanapouliza: je, Kristo anarudi kabla ya miaka hiyo, au baada yake, au miaka hiyo si ya kuhesabiwa kwa kalenda?

Baadhi ya mababa wa Kanisa la mwanzo, kama vile Irenio, walitazamia utawala wa kweli hapa duniani. Augustino, Askofu wa Hippo katika nchi tunayoiita leo Algeria, naye aliwahi kuwa na mawazo ya namna hiyo, kisha akayaacha. Katika kitabu chake juu ya Mji wa Mungu alifundisha kwamba miaka elfu ni zama zote za Kanisa, tangu kuja kwa kwanza kwa Kristo hadi kurudi kwake. Augustino alifariki mwaka 430, na fikira yake ikashika mizizi. Walutheri walipoandika Ungamo la Augsburg mwaka 1530, kifungu cha 17 kilikataa mafundisho ya ufalme wa watakatifu duniani kabla ya ufufuo. Roma nayo mwaka 1944 ilisema kwamba fundisho la Kristo kuja kutawala duniani kwa macho kabla ya hukumu ya mwisho si salama kufundishwa, hata likipunguzwa makali. Kwa hiyo katika jambo hili Mkatoliki na Mlutheri wamekuwa jirani hata wakati walipokuwa hawasalimiani.

Wako wengine, kama Jonathan Edwards huko Marekani katika karne ya 18, waliotazamia kwamba Injili itaenea mpaka dunia itengemae, ndipo Bwana arudi. Wamisionari wengi wa karne ya 19 walipanda meli wakiwa na tumaini hilo. Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 ililipiga tumaini hilo pigo kubwa. Ni kazi ngumu kumwambia mtu kwamba dunia inazidi kuwa njema wakati mataifa yaliyomletea Biblia yanachinjana, tena yanawatwisha babu zetu mizigo ya vita porini mpaka wanafia njiani.

Sasa nakuja kwenye fundisho ambalo vijana wengi mnalisikia zaidi siku hizi, nalo ni unyakuo. John Nelson Darby, kasisi aliyefanya kazi Ireland kabla ya kulihama kanisa lake la Kianglikana, alianza katika miaka ya 1830 kufundisha kwamba Kristo atakuja kwanza kuwanyakua walio wake, kisha itafuata dhiki kuu, kisha atarudi nao kutawala miaka elfu. Mwaka 1909 Mmarekani Cyrus Scofield alitoa Biblia yenye maelezo chini ya kurasa, na maelezo hayo yalifuata fundisho hilo. Wasomaji wengi, kwa kuona maneno yote yako ndani ya jalada moja, hawakutenga sana kati ya maandiko ya juu na maelezo ya chini. Upentekoste ulikuwa unaanza miaka hiyo hiyo, ukalichukua fundisho hilo na kulisafirisha kote ulikokwenda, hata huku kwetu. Mpentekoste ataniambia kwamba neno kunyakuliwa limo katika Wathesalonike wa Kwanza sura ya 4, naye atakuwa amesema kweli. Nisemalo mimi ni kwamba mpangilio ule wa matukio, hili kwanza na lile la pili, una umri wa yapata karne mbili tu. Kijana asidhani kwamba mtu aliyeusoma ukurasa ule kwa namna nyingine ameiasi Biblia.

Nasi tuliokaa bweni moja hapa tulikuwa na dunia nzima ya mafundisho haya katika vitanda vinne. Juu yangu alilala Mkatoliki, aliyewaombea marehemu wake kila mwezi wa Novemba kwa sababu ya toharani. Kando yake alikuwapo Msabato, aliyeanika nguo zake zote Ijumaa kabla jua halijatua. Yeye aliamini kwamba marehemu wamelala wasijue neno lolote, na kwamba ile miaka elfu watakatifu watakaa mbinguni huku dunia ikiwa ukiwa mtupu. (Mkuu wa shule wa wakati ule alimwondolea usafi wa Jumamosi, akampa wa Jumapili, nasi tukamwona amebahatika mpaka tulipoona ukubwa wa eneo alilopewa.) Wa nne alikuwa Mpentekoste, aliyekuwa tayari kunyakuliwa saa yoyote.

Huyu wa nne siku moja alitazama, nje ya shule, sinema moja ya Kimarekani ya mwaka 1972 juu ya watu walioachwa. Usiku ule maji yalitoka bombani saa tisa, na wale wa zamani mnakumbuka shida ya maji ya hapa. Bweni zima lilikimbia na ndoo, wengine miguu mitupu kwa haraka. Mwenzetu akaamka akakuta vitanda vitupu, mablanketi yametupwa, na kandambili zimepangwa chini bila wenyewe. Tulirudi tukamkuta amepiga magoti katikati ya bweni analia kwa sauti. Tulicheka mwaka mzima. Lakini leo nikimkumbuka sicheki sana, kwa kuwa kijana yule hakuwa na kosa alilokuwa akilificha. Alikuwa mnyofu kuliko sisi sote. Alilia kwa sababu alifundishwa kwamba wokovu wake ungeweza kumponyoka usingizini bila yeye kujua.

Hapo ndipo karatasi ya kwanza inapokutana na ya pili. Watu hawaogopi tu kwamba dunia itakwisha. Wanaogopa itakwisha wao wakiwa upande gani. Wakristo wa mkondo wa Calvin husema aliyechaguliwa na Mungu hapotei kamwe. Wale wa mkondo wa Wesley husema neema inaweza kukataliwa hata baada ya kupokelewa. Mkatoliki atakutajia ubatizo, sakramenti, na neema inayozaa matendo. Mlutheri atasema ni kwa imani peke yake, na ukimbana sana atakuonyesha cheti cha ubatizo.

Kisha kuna swali tulilokua nalo katika Afrika Mashariki: umeokoka lini? Lilienezwa na Uamsho ulioanza Gahini, Rwanda, na kuvuka Uganda hadi Buhaya katika miaka ya 1930. Walokole walitaka ushuhuda wa wazi, dhambi itajwe, deni lilipwe, mtu aeleze siku aliyokutana na Mwokozi wake. Wazee wengi wa makanisa waliudhika, kwa maana mtu aliyebatizwa utotoni na kupata Kipaimara hana tarehe ya namna hiyo. Walakini wengi wa walokole hawakuyahama makanisa yao. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba alikuwa mtu wa Uamsho, na mwaka 1977, katika mkutano uliofanyika Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa Rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Na tarehe 31 Oktoba 1999, huko huko Augsburg, Walutheri na Wakatoliki walitia sahihi tamko la pamoja juu ya kuhesabiwa haki, wakikiri kwamba mwanadamu hupokelewa na Mungu kwa neema, si kwa stahili zake. Tofauti hazikwisha zote siku ile. Lakini jambo lililowatenga kwa karne nyingi liliwekwa mezani likazungumzwa, na hakuna aliyepoteza imani yake kwa kulizungumza.

Nimekawia hapo makusudi, maana yaliyobaki ni mazito.

William Miller, mkulima wa Marekani, alipiga hesabu kutoka kitabu cha Danieli akasema Kristo atarudi kati ya Machi 1843 na Machi 1844. Muda ukapita. Wafuasi wake wakatoa tarehe nyingine, 22 Oktoba 1844, na baadhi yao wakaacha mazao shambani bila kuvuna. Usiku ule ulipita, kukacha, na watu wakalia. Baadhi yao walirudia maandiko upya, na kutoka miongoni mwao wakatokea Wasabato, waliounda kanisa lao mwaka 1863. Hawa hawakuacha kuamini kwamba Kristo yu karibu. Jina lao lenyewe, Waadventista, lasema hivyo. Ila hawapangi tarehe tena. Na tazameni walifanya nini walipokuwa wakingoja. Walijenga shule na hospitali. Nenda Kigoma utaikuta Hospitali ya Heri, nenda Arusha utakikuta chuo kikuu chao. Kwa macho ya mtu wa mipango hilo ni jambo la kustaajabisha: watu wanaosema kila siku kwamba nyumba hii inabomolewa, nao ndio wanaopaka rangi na kuziba paa.

Wengine hawakufanya hivyo. Huko Kanungu, kusini magharibi ya Uganda, kikundi kilichojitenga na Kanisa Katoliki kilifundisha kwamba dunia itakwisha mwishoni mwa 1999. Watu waliuza mali zao. Tarehe ikapita. Tarehe 17 Machi 2000 mamia ya watu waliteketea kwa moto ndani ya kanisa lao, na baadaye makaburi mengine yakagunduliwa. Mimi nilikuwa Kidato cha Sita hapa hapa, na habari ile tuliisikia katika redio kwenye chumba cha viranja. Yule mwenzetu wa Kipentekoste alikuwa wa kwanza kusema kwamba wale watu hawakuwa wakingoja Bwana, walikuwa wakimngoja binadamu.

Tulidhani hayatarudiwa. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, watoto wakiwamo. Waliambiwa wafunge chakula wakutane na Yesu. Vijana, sikilizeni mpangilio wake: kabla ya kuambiwa waache kula, waliambiwa waache shule na hospitali.

Ndiyo sababu karatasi ya tatu imenikosesha usingizi. Huenda mwandishi wake ameuliza kwa utani, au anatafuta njia ya kuukwepa mtihani wa Hesabu, jambo ambalo naliona la kawaida kabisa. Lakini huenda pia yuko mtu anayemwambia hivyo. Kama yuko, namwomba kijana amuulize mtu huyo maswali ya kawaida tu. Je, anajua siku, wakati Mathayo 24 yasema hata malaika hawaijui? Je, yeye mwenyewe ameuza shamba lake, au anapokea bei ya mashamba ya wengine? Watoto wake wanasoma wapi? Na je, amesoma Waraka wa Pili kwa Wathesalonike mpaka sura ya 3? Kanisa lile lilikuwa na watu walioacha kazi, na Paulo, ambaye naye alimngoja Bwana kwa hamu kuliko sisi, aliwaagiza warudi kazini na wale chakula chao wenyewe.

Kuhusu unyakuo na miaka elfu, mimi nasoma na Augustino, na rafiki yangu wa bwenini, ambaye leo ni mchungaji, anasoma na Darby. Tumebishana miaka zaidi ya 20 na hakuna aliyemhamisha mwenzake. Mwezi uliopita alinipigia simu, si kwa habari ya Ufunuo, bali kuniuliza taratibu za kupata hati ya kiwanja, kwa kuwa kanisa lake linataka kujenga shule ya awali. Nilimuuliza kama hati ya miaka 33 itamtosha. Akanijibu kwamba angependelea ya miaka 99.

Kijana wa karatasi ya tatu, hukuandika jina lako wala sitaki kulijua mbele ya watu hawa wote. Mimi nalala hapa shuleni, sitaondoka kabla ya saa nne kesho asubuhi. Njoo na matokeo yako ya mtihani wa majaribio tuangalie tahasusi inayokufaa. Wengine mna maswali, nami nipo tayari, isipokuwa yale ya mnyama na namba yake, ambayo namwachia Mwalimu wa dini.