Aliyekuwa Zamu Tunamjua, Aliyemwacha Peke Yake Je?

Ndugu msomaji, maneno haya niliyasema kwa mdomo Jumapili moja mbele ya vijana wa tawi letu, wengine wamekaa kwenye mabenchi, wengine juu ya matofali. Mhariri kaniomba niyaweke kwenye karatasi ili na wewe ambaye hukuwepo uyapate. Nikiri mapema: sijasomea urubani, na ndege sijawahi kupanda. Elimu yangu imekomea kidato cha nne. Lakini kulinda usiku nimelinda, na ndiyo maana jambo hili limenikaa kooni.

Wewe uliyekulia Kipawa au Vingunguti unazijua ndege kwa mngurumo. Inapita juu ya bati, unajua hii kubwa, hii ndogo. Unadhani rubani anajiendea tu kama dereva wa daladala? Hapana bwana. Kuna mtu juu ya mnara, ana redio na darubini, ndiye anayemwambia shuka, subiri, njia si salama, kuna mwenzako mbele yako. Na kuna wengine wamekaa kwenye vyumba vyenye rada, hao wanaziongoza zile zilizo juu kabisa ambazo wewe unaona mstari mweupe tu. Kazi yao wote ni kuhakikisha ndege mbili hazifiki mahali pamoja kwa wakati mmoja.

Sasa ingia usiku. Ndege zinapungua. Hapo ndipo mkubwa mwenye ofisi yenye kiyoyozi anapofungua daftari la mishahara na kujiuliza: ndege zenyewe tano, watu wawili wa nini?

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Machi 2011, pale Washington, kwenye uwanja wa Reagan ulio ng'ambo tu ya mto kutoka Ikulu ya Marekani, saa sita ilikuwa imepita kidogo. Ndege ya abiria kutoka Miami ikaita mnara. Kimya. Ikaita tena. Kimya. Waliokuwa kwenye chumba cha rada cha jirani wakapiga simu mnarani, simu ikalia wee, hakuna wa kuipokea. Rubani akatua bila ruhusa ya mnara. Dakika chache baadaye ikaja nyingine kutoka Chicago, nayo ikatua hivyo hivyo. Ndege mbili, watu zaidi ya 160, na mnara unawaka taa.

Aliyekuwa humo alikuwa msimamizi, mtu mwenye uzoefu wa miaka 20. Alikuwa peke yake. Alikuwa amechapa usingizi. Na wachunguzi walipomuuliza, ikajulikana kuwa huo ulikuwa usiku wake wa nne mfululizo, kila siku saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi.

Hapa kuna jambo nilibishana nalo na kijana mmoja palepale tawini. Alisema, basi mnara mtupu ni kifo. Si kweli. Huko Marekani viwanja vidogo vingi havina mnara kabisa, na vingine mnara unafungwa usiku. Marubani hutumia masafa mamoja ya redio, kila mmoja anajitangaza: mimi fulani, nipo upande fulani, nakuja kutua. Ni kama madereva kwenye daraja jembamba, kila mmoja anapiga honi kabla ya kuingia. Hata taa za uwanja, rubani anaweza kuziwasha mwenyewe angani kwa kubonyeza kitufe cha redio mara kadhaa. Na ndiyo njia iliyowaokoa wale wa Washington. Walijitangaza, wakasaidiwa na wale wa rada, wakatua salama. Mnara mtupu unaojulikana kuwa mtupu una utaratibu wake. Wa kuogopa ni ule ambao kila mtu anaamini kuna mtu macho.

Serikali ya Marekani ilifanya nini? Waziri wa Uchukuzi, Ray LaHood, akaamuru mnara ule uwe na watu wawili usiku. Tarehe 13 Aprili, pale Reno, ndege iliyobeba mgonjwa ikatua bila kujibiwa na mnara. Siku hiyohiyo likatoka agizo la kuongeza mtu wa pili usiku kwenye minara mingine zaidi ya 20. Pesa za mtu wa pili zilikuwepo kumbe! Kesho yake, tarehe 14, mkuu wa idara nzima ya waongoza ndege, Hank Krakowski, akajiuzulu. Soma tena, ndugu yangu. Aliyelala ni mmoja mnarani, aliyeondoka ofisini ni kigogo. Huku kwetu tumezoea dagaa wakivuliwa na papa wakitoa hotuba ya pole.

Ila nisiwasifu kupita kiasi. Muda wa kupumzika kati ya zamu na zamu uliongezwa kutoka saa 8 hadi saa 9. Saa moja! Hiyo mtu wa Mbagala anaimaliza kwenye foleni. Na wataalamu wa usingizi waliposhauri waongoza ndege waruhusiwe kulala kidogo katikati ya zamu, mwenzake akiwa macho, waziri alikataa. Usingizi haumwogopi waziri.

Sasa nikwambie yangu. Nilipata kazi ya ulinzi kwenye ghala moja, jina silitaji. Tulianza wanne. Wakasema kubana matumizi, tukabaki wawili. Wakabana tena, nikabaki mimi, kirungu na filimbi. Ghala lina malango mawili, mbele na nyuma, katikati giza. Usiku mmoja nilisikia bati linagongwa lango la nyuma, nikakimbilia huko. Kumbe paka. Narudi mbele, kufuli limekatwa, betri za magari hazipo. Asubuhi bosi ananiuliza swali moja tu: "Ulikuwa umelala?" Nikamwambia, mzee, nilikuwa lango la pili. Hakutaka kusikia. Mshahara ukakatwa, na kazi ikaisha.

Nimekusimulia hilo ili uelewe ya Zurich, maana yule mwongoza ndege wa Zurich hakuwa amelala. Alikuwa lango la pili.

Ilikuwa tarehe 1 Julai 2002. Anga la kusini mwa Ujerumani, karibu na mji wa Überlingen, lilikuwa linaongozwa kutoka Zurich, Uswisi, na kampuni ya Skyguide. Zamu ya usiku ilikuwa na watu wawili, lakini mazoea yalikuwa kwamba mmoja huenda kupumzika na mwingine hubaki na kila kitu. Aliyebaki aliitwa Peter Nielsen, raia wa Denmark. Usiku huo huo mafundi walikuwa wanashughulikia mitambo. Rada ilikuwa inafanya kazi nusunusu, ile alama ya hatari inayotokea kwenye kioo haikuwepo, na simu kuu zilikuwa zimezimwa.

Ikaja ndege iliyochelewa, inataka kutua Friedrichshafen. Nielsen akahamia kiti cha pili, kioo cha pili, masafa mengine ya redio. Akajaribu kupiga simu Friedrichshafen, haiendi. Anajaribu tena. Huku nyuma, kwenye kioo cha kwanza, ndege mbili zinakuja kukutana kwenye kimo kimoja: moja ya Urusi, imebeba watoto wa shule zaidi ya 40 kutoka mji wa Ufa wanaokwenda likizo Hispania, nyingine ya mizigo ya DHL iliyotokea Bahrain na kupitia Italia. Waongoza ndege wa Karlsruhe, Ujerumani, waliiona hatari kwenye mitambo yao. Wakapiga simu Zurich. Simu haikuingia.

Nielsen aliziona ikiwa imebaki chini ya dakika moja. Akawaamuru Warusi washuke. Lakini ndani ya ndege zile kulikuwa na mitambo ya kukwepana, inayoongea yenyewe kwa yenyewe, na mtambo wa Warusi ulisema pandeni, wa DHL ukasema shukeni. Warusi wakamtii mtu, DHL wakautii mtambo. Zote zikashuka. Saa tano na dakika 35 usiku zikagongana. Watu 71, hakupona hata mmoja.

Ungekuwa wewe baba wa mtoto mmojawapo, ungemtafuta nani? Vitaly Kaloyev, msanifu majengo wa Urusi, alipoteza mke na watoto wawili. Tarehe 24 Februari 2004 alifika nyumbani kwa Nielsen, Kloten, nje ya Zurich, akamchoma kisu akafa. Nielsen naye alikuwa na mke na watoto. Sisemi kitu juu ya uchungu wa Kaloyev, sina mtoto wa kuzika. Nasema tu kwamba jina alilolipata lilikuwa la mtu wa zamu. Waliopanga zamu hawakai mbele ya redio.

Mei 2004, miezi mitatu baada ya mauaji hayo, ripoti ya wachunguzi wa Ujerumani ikatoka. Ilisema uongozi haukuhakikisha kwamba usiku kila kiti kina mtu, na kwamba desturi ya kumwacha mmoja peke yake uliijua na kuivumilia kwa miaka. Kwa miaka, ndugu msomaji!

Kesi ikafika mahakama ya Bülach, Uswisi, wafanyakazi wanane wa Skyguide kizimbani. Septemba 2007 wanne wakaachiwa. Wanne wakatiwa hatiani kwa kusababisha vifo kwa uzembe: mameneja watatu kifungo cha nje, mmoja faini. Hakuna aliyelala jela hata usiku mmoja, lakini hukumu iliandikwa na majina yao yamo. Peter Nielsen hakuwepo kuisikia. Alikuwa kaburini miaka mitatu na nusu.