Kienyeji au Kisasa? Dhamana ya Mnunuzi wa Kuku

(Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyosomwa redioni.)

Mtu akiingia sokoni Kasulu au Kibondo kutafuta kuku, muuzaji humwuliza swali moja kabla ya kutaja bei: kienyeji au kisasa? Wengi wetu hujibu kwa kushauriana na mfuko na ulimi. Kuku wa kienyeji ana ladha, na mchuzi wake ni mchuzi kweli. Kuku wa kisasa ni laini, huiva upesi na bei yake ni nafuu. Juma hili naomba tulitazame swali hilo kwa upande mwingine. Je, katika kuchagua kati ya hao wawili kuna haki na kosa, au ni suala la kitoweo tu?

Huku nyanda za juu za Kigoma swali hili halikuwapo zamani. Kuku, au inkoko kama wasemavyo Waha, alikuwa ndege wa uani. Alilala jikoni au chini ya kitanda, akaamka kutafuta riziki yake. Mambo yamebadilika. Barabara za lami zimesogea, na umeme wa gridi ya Taifa umefika. Vifaranga vya siku moja husafiri kwa basi katika maboksi, na vijana waliomaliza shule hujenga mabanda nyuma ya nyumba za wazazi wao. Kuku wa kisasa sasa ni kitoweo cha hapa hapa.

Tuanze naye. Kuku wa nyama wa kisasa huchinjwa akiwa na umri wa majuma matano au sita, mara nyingi akiwa na uzito unaokaribia kilo mbili. Ukuaji huo umetokana na kazi ya miaka mingi ya kuchagua mbegu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, waliwahi kufuga pamoja, kwa chakula kile kile, kuku wa mbegu ya mwaka 1957 na kuku wa mbegu ya mwaka 2005. Kwa siku 56, yule wa 1957 alifikisha gramu 905. Yule wa 2005 alifikisha kilo 4.2. Wote walipewa chakula cha aina moja, tofauti ilikuwa katika damu.

Lakini mwili unaokimbia hivyo huacha nyuma miguu na moyo. Mfugaji yeyote wa kuku wa nyama atakueleza juu ya kuku wanaoshindwa kusimama wiki ya mwisho, na wale wanaokufa ghafla wakiwa wanene. Tuongeze msongamano. Mabwana mifugo hushauri kuku wasizidi kumi kwa mita moja ya mraba. Wapo wanaojaza kumi na watano, takataka zikilowa na hewa ikichoma macho. Kisha huja dawa. Badala ya kutengeneza banda, mfugaji hutia dawa ndani ya maji, na wapo wanaouza kuku kabla siku za kusubiri dawa itoke mwilini hazijatimia. Dawa hiyo tunaila sisi, na vimelea hujifunza kuizoea.

Katika nchi zilizoanza ufugaji huu mapema, watu wamebishana sana juu yake. Mwaka 1964 mwandishi Mwingereza, Ruth Harrison, alitoa kitabu kuhusu wanyama wanaofugwa kama mashine. Mwaka uliofuata kamati ya serikali ya Uingereza ikatoa ripoti juu ya ustawi wa mifugo. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku vizimba vya kawaida vya kuku wa mayai kuanzia Januari 2012. Katika vizimba hivyo kuku alipewa nafasi ndogo kuliko karatasi moja ya kuandikia barua, aishi humo mpaka mwisho wa kutaga kwake.

Nasi tumewahi kushtuka. Oktoba 2017, vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya kinyume cha zuio lililowekwa mwaka 2006 kwa hofu ya mafua ya ndege, viliteketezwa kwa moto Namanga. Watu wengi, hapa na Kenya, walisema ule ni ukatili. Sikuwashangaa. Ila ni vema tujue kwamba katika nchi nyingi duniani, katika viwanda vya kutotolea kuku wa mayai, vifaranga vya kiume huuawa siku ile ile vinapototolewa, kwa sababu jogoo hatagi. Hayo hayapigwi picha.

Mpaka hapa, msikilizaji anaweza kusema: basi jibu ni rahisi, tununue kienyeji. Ngoja kwanza.

Kuku wa kienyeji ana uhuru, hilo halina ubishi. Huchakura, huoga vumbi, hulalia mayai yake na kulea. Hula mchwa, majani na makombo, wakati kuku wa banda hula mahindi, soya na dagaa ambavyo watu nao wanavihitaji. Lakini uhuru huo una mwewe, una paka wa porini, una mvua na baridi ya Heru na Muhambwe. Katika vijiji vingi zaidi ya nusu ya vifaranga havifikishi miezi miwili. Na unapokuja mdondo, ambao wengine huuita kideri, boma lisilochanjwa linaweza kubaki na manyoya tu. Kuku anayekufa kwa mdondo huteseka siku kadhaa, shingo imepinda, hapumui vizuri. Tusimwite huyo kuku mwenye raha kwa sababu tu hakufungiwa.

Halafu kuna safari. Kuku wa kienyeji wa Makere au Mabamba hufikaje mjini? Amefungwa miguu, ananing'inia kichwa chini kwenye usukani wa baiskeli, au amebanwa ndani ya tenga juu ya paa la basi, bila maji, tangu alfajiri hadi jioni. Aliishi kama mfalme, akasafirishwa kama furushi. Sisi tunaojisifu kwa kupenda kienyeji huyaona hayo kila siku ya soko na hatusemi neno. Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, nayo inakataza ukatili kwa wanyama. Kuku naye ni mnyama.

Na kuna mwenye kuku. Siku moja ya gulio katika kijiji cha Kasulu nilimkuta mama mmoja wa makamo ameshika mtetea mzuri, anamngoja mchuuzi arudi.

"Shikamoo mama," nikamwamkia.

"Marahaba mwanangu."

Nikamwuliza mbona anauza mtetea anayetaga.

"Shule zinafunguliwa Jumatatu. Daftari halisubiri vifaranga."

"Na bei mmeelewana?"

Akacheka kidogo. "Nimeelewa mimi, yeye hajaelewa. Ameniambia mdondo umeshafika kijiji cha pili, niuze leo kwa bei yake au kesho nizike."

Sikujua kama mdondo ulikuwa umefika kweli. Mama naye hakujua, na kutojua kwake ndiko kulikokuwa mtaji wa mchuuzi. Mtetea yule akifika mjini huuzwa kwa bei kubwa, na mnunuzi hujipongeza kwamba amemsaidia mkulima.

Ndugu msikilizaji, katika nyumba nyingi za vijijini ng'ombe ni wa baba, shamba ni la ukoo, lakini kuku ni wa mama. Ndiye benki yake. Chanjo ya mdondo inayostahimili joto, ile ya I-2, hutengenezwa hapa nchini Kibaha. Ni tone moja la jicho, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hivi. Gharama yake kwa kuku mmoja ni ndogo sana. Tatizo ni kwamba chupa moja huchanja kuku wengi na mama huyu ana kuku wanane. Majirani wakikubaliana siku moja ya kuchanja, chupa hiyo hiyo inatosha kitongoji, na mchuuzi hana tena cha kuwatishia.

Kwa upande mwingine tusiwahukumu vijana wa mabanda. Kijana anayefuga kuku mia mbili kwa usafi, akiwapa nafasi, hewa na maranda makavu, na akiheshimu siku za dawa, anafanya kazi ya halali. Tena ni yeye anayemwezesha mtu wa kipato kidogo kununua robo kuku kwa ajili ya watoto. Mwenye mshahara asimwendee mtu huyo kumhubiria juu ya kienyeji. Njaa ya mtoto nayo ni suala la haki.

Mimi naona haki na kosa haviko katika neno kienyeji wala katika neno kisasa. Viko katika namna kuku alivyotunzwa, alivyosafirishwa, na nani aliyepata fedha. Tena neno lenyewe siku hizi linadanganya. Chotara kama Kuroiler na Sasso, waliolelewa bandani, huuzwa kwa jina la kienyeji na kwa bei ya kienyeji. Chotara si kuku mbaya, ila mnunuzi ana haki ya kuambiwa ukweli.

Basi sisi wenye uwezo wa kuchagua, na hasa watumishi, wenye hoteli na mashirika yanayonunua kuku wengi Kasulu na Kibondo, tuulize maswali. Kwa mwenye banda: kuku hawa walipewa dawa lini mara ya mwisho? Naomba nione banda lako. Kwa mchuuzi: mbona kuku huyu ananing'inia? Nitamlipia bei nzuri aliyekuja ndani ya tenga lenye nafasi, huyu wa kichwa chini simtaki. Kwa mama wa kijijini: umechanja? Na ikiwezekana tununue kwake moja kwa moja. Muuzaji husikiliza fedha kuliko hotuba. Wanunuzi kumi wakikataa kuku wa kichwa chini katika soko moja, juma la pili baiskeli zitakuja na matenga.

Mwisho ni kisu. Waislamu wanafundishwa kunoa kisu na kutomtesa mnyama wakati wa kuchinja. Wakristo nao wanafundishwa kwamba mwenye haki humjali mnyama wake. Kwa hiyo hakuna jipya nililolileta hapa. Ni mafundisho tuliyoyapokea wote, ila tukifika sokoni huwa tunayaacha mlangoni.