Mshahara wa Amri na Mshahara wa Majadiliano



Amri ya Mishahara iliyoanza kutumika Januari 2026 imepandisha kima cha chini cha sekta binafsi Tanzania Bara kwa asilimia 33.4. Ni nyongeza kubwa, na walioipigania wanastahili pongezi. Ila tuitazame kalenda. Amri iliyotangulia ilianza Januari 2023, na ya kabla yake Julai 2013. Kwa zaidi ya miaka tisa bei za sokoni hazikumsubiri mtu, viwango vya kisheria vikawa palepale. Anayetegemea amri peke yake hupandishiwa mshahara siku Serikali ikipata nafasi.

Mkataba wa hali bora za kazi, ambao chama cha wafanyakazi na mwajiri huujadili wenyewe, hausubiri Gazeti la Serikali. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema chama chenye wanachama wengi kati ya wafanyakazi wanaohusika ndicho wakala wa pekee wa majadiliano, na mwajiri analazimika kujadiliana nacho kwa nia njema. Wasipoelewana kuhusu kukitambua chama ndani ya siku 30 tangu chama kimpe mwajiri notisi ya kutaka kutambuliwa, shauri huenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na usuluhishi ukishindikana, Mahakama ya Kazi.

Shambani mambo hayaendi hivyo. Chukueni shamba la maua au mkonge, ambako vibarua huongezeka na kupungua kwa msimu. Wengi kati ya nani? Orodha iko kabatini kwa mwajiri. Chama kinakusanya fomu za uanachama hadi kinavuka nusu. Shauri likiwa bado Tume, mikataba ya vibarua inakwisha, wanaajiriwa wengine, hesabu inaanza upya. Napendekeza kanuni itamke kwamba idadi inayohesabika ni ya siku notisi ilipopokelewa, na orodha ya siku hiyo ifikishwe kwa Kamishna wa Kazi.

Mezani nako kuna kazi. Kifungu cha 70 cha Sheria hiyo ya 2004 kinamtaka mwajiri atoe taarifa ambazo chama kinazihitaji ili kijadili. Tawi lisiloomba hesabu za kampuni litaambiwa biashara ni mbaya, na halitakuwa na la kujibu. Hapo lawama ni yetu, sisi wa vyama: tunakata ada kila mwezi, kisha katibu wa tawi anapewa fulana ya Mei Mosi badala ya mafunzo ya kusoma mizania.

Halafu kuna Serikali kama mteja. Ofisi za umma hupata walinzi na wafanya usafi kupitia kampuni zilizoshinda zabuni, na mara nyingi anayeshinda ni mwenye bei ndogo. Katika kazi hizo gharama kubwa ni mishahara, kwa hiyo bei ndogo hutoka mfukoni mwa mlinzi. Kampuni yenye mkataba wa hali bora inaadhibiwa kwa kuwa nao. Tathmini ya zabuni iupe mkataba huo alama, na bei isiyotosha kulipa hata viwango vya Amri ikataliwe papo hapo, kabla mlinzi hajapewa sare.