Kineno Kidogo, Maana Nyingine

Leo tunazungumza na vijana wetu wa Ng'ambo, kuanzia Kikwajuni hadi Kwahani, mnaovuka Darajani kila asubuhi kwenda kutembeza wageni Mji Mkongwe.

Chukua mfano huu wa jinsi kineno kidogo cha Kiingereza kinavyogeuza maana ya kitenzi. Kijana anapokea ujumbe: "The trip is called off." Analijua "call", kuita. Anadhani ameitwa, basi anakimbilia pwani mapema. Kumbe "call off" ni kufuta safari. Kineno "off" kimegeuza maana nzima.

Usivunjike moyo. Hata sisi twageuza vitenzi, ila twavigeuzia tumboni mwa neno. Kuhama Ng'ambo ni kuondoka. Kuhamia Ng'ambo ni kuja kukaa. Herufi moja tu, na safari imegeuka. Mwingereza hukiweka kineno chake nje: "look" ni kutazama, "look for" ni kutafuta, "look after" ni kutunza.

Kwa hiyo kitenzi na kineno chake ni pete na kidole. Vijue pamoja, tena ndani ya sentensi. Na shika hili: "turn off the light", zima taa, ni sawa. Lakini kwa "turn off", ukitumia "it", huingia katikati: "turn it off". Usiseme "turn off it".

Leo usiku andika vitenzi vitatu vya namna hii ulivyovisikia kazini, kisha uvitungie sentensi. Haba na haba hujaza kibaba. Tukutane kipindi kijacho, inshallah.