Kiduha na Pamba: Maneno kwa Wakulima wa Kibara



Leo nataka kusema habari za kiduha, lile gugu lenye maua ya zambarau mnalolikuta katikati ya mtama, nao mtama umedumaa kana kwamba umekosa mvua. Wengi husema ardhi imechoka. Wana haki, na sababu yake ni hii.

Kila mmea hujitengenezea vitu viitwavyo homoni. Ni vichache mno, lakini ndivyo vinavyoamuru tawi lichipue au lingoje. Homoni moja huzuia matawi yasizidi. Ardhi ikipungukiwa chakula, hasa fosfati, mmea huitengeneza kwa wingi, na nyingine huitoa nje kwa mizizi ili kuuita ukungu mwema unaousaidia kupata chakula. Kiduha nacho husikia mwito huo. Mbegu yake ni kama vumbi, na yaweza kukaa ardhini zaidi ya miaka kumi. Mvua peke yake haiioteshi. Ikipata homoni hiyo huota, hushika mzizi wa mtama na kuunyonya. Basi shamba lisilo na samadi huita kiduha kwa sauti kubwa zaidi.

Sasa sikilizeni habari ya pamba. Mwaka 1966 wataalamu wa Marekani walitangaza kwamba wameipata dawa hii ya kuotesha kiduha, nao waliitoa katika mizizi ya pamba, si ya mtama! Waliiita strigoli. Kwamba vitu vya jamii hiyo ni homoni za mmea kulijulikana baadaye, mwaka 2008. Lakini kiduha hakiwezi kunyonya pamba. Huota karibu na mzizi wake, hukosa pa kushika, na baada ya siku chache hufa, kama mgeni aliyealikwa karamu akakuta mlango umefungwa. Karanga nazo hukidanganya vivyo hivyo.

Kwa hiyo palipojaa kiduha pandeni pamba au karanga, msipande mtama, mahindi wala ulezi. Msimu mmoja hautoshi, kwa kuwa mbegu zilizo karibu na mizizi tu ndizo huitwa. Najua nyumbani watu wanataka ugali. Mtama upandeni upande ulio safi, au limeni mihogo, ambayo kiduha hakiigusi.

Kiduha king'olewe kabla ya kutoa maua, maana mche mmoja hutoa mbegu maelfu kwa maelfu. Kung'oa hakuuponyi mtama wa mwaka huu, kwani umekwisha kuumizwa chini ya ardhi kabla gugu halijaonekana. Huokoa wa mwaka ujao. Kilichokwisha kuzaa kichomwe moto. Ng'ombe wasipewe, kwa sababu mbegu hurudi shambani pamoja na samadi.

Tena ziko mbegu za mtama zinazostahimili kiduha, Hakika na Wahi, zilizotolewa hapa Tanzania mwaka 2002. Mwulizeni bwana shamba mapema, kabla mvua hazijaanza.